Kamtoi Kadaku ka Thika Walikanyamazisha

Kuna kitabu ya Thika imejaa udaku wa kamtoi, alafu kuna siriz ya Thika imekaa kalenda ya benki: milima safi, farasi, jua ikizama, wazungu wakicheki mbali. Msee akikushow hizo ni stori moja, jua hajawahi fungua kitabu.

Kitabu ni The Flame Trees of Thika, Elspeth Huxley aliitoa 1959. Huyu manzi alizaliwa London 1907, wazae wakamleta Kenya kabla ya vita ya 1914 kuchapa. Kwa kitabu, mathe anaitwa Tilly na buda anaitwa Robin, lakini kwa ground walikuwa Nellie na Jos Grant. Thames Television wakaibuka 1981 na siriz ya episodi saba: Hayley Mills ndiye Tilly, David Robb ndiye Robin, na kamtoi, yaani Elspeth mwenyewe, kakachezwa na Holly Aird. Walishutia huku Kenya, so miti ni miti yetu na vumbi ni vumbi yetu. Hapo sina noma.

Noma iko kwa macho. Kitabu unaisoma ukiwa umejibanza kwa kona na huyo kadem. Wazae wanachapa stori wakidhani hakashiki kitu. Kuna dem mrembo jirani anaitwa Lettice Palmer, bwanake Hereward ni soja wa sheria mob, alafu kuna jamaa Ian Crawfurd anaibuka-ibuka na sababu hazieleweki. Kamtoi hakajui mapenzi ni nini. Kanaona tu mtu mzima amenyamaza ghafla, kananote nani ametoka na nani, kanarudi kucheza na vinyonga vyake, George na Mary, majina za mfalme na malkia wa Uingereza wa hiyo enzi. Hesabu unapiga wewe. Kakija kusanuka, wewe ulisanuka kitambo, na utamu wote uko hapo katikati.

Sasa hiyo udaku walipea kamera, na kamera haina siri. Inakuwekea Sharon Maughan na Ben Cross, yaani Lettice na Ian, wakiangaliana, hata shosh amesinzia kwa kochi anajua rada. Kamtoi kanabaki pembeni kamekumbatia Twinkle, kale kapaa kake. Holly Aird anaekti poa sana, sitamkosea. Shida ni hawakumwachia siri yoyote ya kuiba.

Na vile kitabu inavunja mbavu! Robin ananunua ekari 500 akiwa kwa baa ya Norfolk Hotel, pauni 4 kila ekari, muuzaji amedunga tai ya Eton, shule ya watoi wa masonko wa Uingereza. Wakifika site ni kichaka tu. Kama umewahi bebwa na van ya bure ukaonyeshwe ploti "inaguza lami" huko mbele ya Thika Road, hii unaielewa bila kuchorewa. Tofauti ni hapo kwa Robin hakuna mtu aliuliza Wagikuyu kama shamba inauzwa. Huxley pia hakuisukuma hiyo swali mbali, tusidanganyane. Ni kitabu ya mtoi wa masetla na inawapenda masetla. Lakini angalau inawaacha wajianike ujinga wao wenyewe. Siriz iliwadungisha luku safi, ujinga ikakaa ushujaa.

Alafu kuna Sammy, nyapara wa shamba, na Njombo, mmoja wa wafanyakazi wa hapo. Hawa wako na beef yao, mbuzi zao, na laana moja inafanya mwanaume mzima akonde akingoja tu kudedi. Kwa kitabu kamtoi kanajua nani amekosana na nani juu kanashinda na wao. Kwa skrini, mimi nilitoka nikikumbuka nyuso za wazungu wakishtuka kuliko uso wa Njombo, na ni yeye alikuwa anakufa.

Kinachoniuma zaidi ni Huxley alikuwa ashaandika kitu ya kugeuza kamera tangu 1939. Inaitwa Red Strangers, riwaya ya ndugu wawili Wagikuyu, Muthengi na Matu, wakicheki hao wageni wekundu wakiingia. Vizazi vinapita, doo za chuma zinaingia, korti inaingia, na huko mwisho mtoi anazaliwa anapewa jina Aeroplane. Sijatunga hiyo. Iko na shida zake, si ni mzungu anabongea watu wengine, lakini masetla humo ndio wanakaa watu wa ajabu, wanaopita kwa nyuma ya picha. Mwenye ganji akiskia kushut setla Kenya tena, aanzie hapo, na skripti apeleke kwanza kwa base ya Makongeni, huko Thika. Wasee wa hapo hawana huruma.