Homa ya ndege: Kwa nini kuku mmoja ahofiwe na dunia nzima?

Mwezi wa Mei, 1997, mtoto wa umri wa miaka mitatu alifariki katika hospitali moja huko Hong Kong. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa na virusi vya H5N1, ambavyo hapo awali vilijulikana kwa kuua kuku. Mwaka huo watu 18 waliambukizwa na sita kati yao wakafa. Serikali ikaamuru kuku wote wauawe, zaidi ya milioni moja, na maambukizi yakakoma.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini kuku wote hao waangamizwe kwa sababu ya wagonjwa 18?

Ili virusi vizaane, sharti kwanza vinate kwenye chembe za mwili, mithili ya ufunguo unaoingia katika kufuli. Kwa binadamu, virusi vya ndege hunata zaidi ndani kabisa ya mapafu kuliko puani na kooni. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kuzidiwa sana, lakini ni vigumu kumwambukiza mwenzake kwa kukohoa au kupiga chafya.

Hata hivyo, virusi vya mafua hubadilika kila mara. Isitoshe, mtu au nguruwe akipatwa na mafua ya ndege na ya binadamu kwa wakati mmoja, virusi hivyo vinaweza kuchanganyika na kuzaa aina mpya. Mafua yaliyoenea duniani mwaka wa 1957 na 1968 yalisababishwa na virusi vilivyochanganyika hivyo. Kila mara, watu wapatao milioni moja walikufa kwa kuwa hawakuwa na kinga.

Tangu mwaka wa 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeorodhesha zaidi ya wagonjwa 900 wa H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Mwaka wa 2024, virusi hivyo viligunduliwa katika ng'ombe wa maziwa nchini Marekani. Kila vinapomwingia mnyama au mtu, hupata nafasi nyingine ya kubadilika. Kuua kuku ni kuziba nafasi hiyo.

Nyama na mayai yaliyoiva vyema hayana hatari. Hatari iko katika kushika, kuchinja na kunyonyoa ndege mgonjwa. Usinunue kuku mnyonge hata akiuzwa kwa bei ya chini, na unawe mikono kwa sabuni baada ya kuchinja. Kuku wengi wakifa ghafla, usikate shauri kwamba ni Newcastle tu. Usiwauze wala kuwatupa. Mwarifu daktari wa mifugo mara moja.