Anayepanga bei ya umeme haombi kura Kuluba

KWA miaka mingi bei ya ubaridi wa soda dukani kwangu ilipangwa na mtu mmoja tu, Hajji jirani yangu. Yeye ndiye mwenye jenereta. Jioni ikiwashwa, waya mmoja ulitoka kwake ukaingia kwangu, ukatosha friji moja na taa mbili. Mafuta yakipanda Arua, Hajji alipandisha bei. Yakishuka, Hajji alinyamaza.

Siku moja nilimuuliza: "Hajji, mbona mafuta yameshuka na bei yako haishuki?"

Akacheka. "Binti yangu, jenereta ni yangu, waya ni wangu, bei ni yangu. Ukiona ghali, zima."

Sikuwa na la kusema. Wateja wangu ni madereva wa malori wanaongoja kuvuka Oraba kwenda Kaya, na dereva aliyekaa juani tangu asubuhi hanunui soda ya moto. Nililipa.

Mimi ni miongoni mwa watoto wa West Nile waliobebwa mgongoni kwenda Sudan mwaka 1980, vita ilipotufuata baada ya kuanguka kwa Idi Amin. Tuliporudi mwaka 1986 tulikuta kuta bila mabati. Umeme wakati huo ulikuwa habari ya mjini Arua, tena kwa saa chache. Huku Kuluba tulikuwa na koroboi na mwezi.

Tangu hapo nimesikiliza kampeni nyingi chini ya miembe yetu. Sitamtaja mtu. Mgombea husimama, hunyoosha kidole kuelekea barabarani na kusema nguzo zitapita hapa, zitakunja pale, zitaingia sokoni. Tunapiga vigelegele. Sijawahi kumsikia mgombea hata mmoja akisema yuniti moja itauzwa shilingi ngapi, wala mpiga kura akimuuliza. Na mimi sikuuliza.

Nguzo kwa mwanasiasa, bei kwa nani?

Hapa Uganda bei ya umeme haipangwi na mbunge wala mwenyekiti wa wilaya. Inaidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, iliyozaliwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Wakati Bunge linapitisha sheria ile, Spika alikuwa Francis Ayume, mbunge wetu wa Koboko. Koboko ilikuwa bado kaunti ya wilaya ya Arua. Wilaya yetu tuliipata mwaka 2005. Marehemu Ayume baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2004. Kwa hiyo sheria iliyoamua nani apange bei ya umeme ilipita chini ya rungu la mtoto wa Koboko, wakati Koboko yenyewe inawasha koroboi.

Sheria hiyo ilisema Mamlaka iwe na wajumbe watano, wateuliwe na Waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri. Kazi yao ni kutoa leseni, kukagua hesabu za kampuni na kuidhinisha bei. Mwaka 2001 lile shirika la zamani la UEB likagawanywa mara tatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza umeme.

West Nile ilibaki kisiwa. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo, iliyo chini ya mfuko wa maendeleo wa Aga Khan, ilipewa mkataba wa miaka 20 kuhudumia eneo letu peke yake. Bwawa dogo la Nyagak kule Zombo, lenye megawati 3.5, lilianza kazi mwaka 2012. Gridi ya taifa ilitufikia mwaka 2024, mwaka uleule bwawa la Karuma la megawati 600 lilipozinduliwa rasmi.

Sasa tazama kilichotokea Januari 2012. Serikali iliondoa ruzuku, na bei ya yuniti kwa wateja wa majumbani wa gridi kuu ikapanda kutoka shilingi 385.6 hadi 524.5. Katika kila shilingi mia mteja aliongezewa kama thelathini na sita. Nani alihojiwa jukwaani kwa uamuzi ule? Wabunge walipiga kelele na kuunda kamati. Lakini walioweka saini hawakuwa na jimbo la kurudi wala mwembe wa kusimama chini yake.

Simu kutoka Georgia

Nilidhani dunia nzima iko hivyo, mpaka Novemba 2025 mtoto wa kaka yangu aliponipigia simu. Yeye alitoka kambini akapelekwa Marekani, jimbo la Georgia, na sasa ni raia wa huko. "Shangazi," akaniambia, "leo nimempigia kura mtu wa bei ya umeme."

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Georgia ina Tume ya Huduma za Umma yenye wajumbe watano, na wote wanachaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima. Majimbo ya Marekani yenye utaratibu huo ni machache, kama kumi hivi. Mengine yanateua kama sisi. Bili za Georgia zilikuwa zimepanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na watu walichoka. Tarehe 4 Novemba wajumbe wawili waliokuwa madarakani, Tim Echols na Fitz Johnson wa chama cha Republican, waliangushwa na Alicia Johnson na Peter Hubbard wa chama cha Democratic, kila mmoja kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Echols alikuwa kwenye kiti hicho tangu 2011.

Nilipokata simu nilimwendea Hajji. Nikamwambia kuna nchi ambako wewe ungeomba kura yangu. Hajji akasema nchi hiyo haina adabu.

Kijana wa Louisiana

Lakini kabla hatujashangilia, kuna hadithi ya Huey Long. Mwaka 1918, akiwa na miaka 25, aligombea ujumbe wa Tume ya Reli ya jimbo la Louisiana. Alichagua kiti hicho kwa sababu vyeo vingine vikubwa vilimkatalia kwa umri, na hiki sheria haikukiwekea kiwango. Tume ile ilisimamia nauli za reli, mabomba ya mafuta na bei za simu. Mwaka 1921 ikapewa jina la Tume ya Huduma za Umma, na mwaka uliofuata Long akawa mwenyekiti.

Kampuni ya simu ilikuwa imepandisha bei kwa asilimia 20. Long aliipeleka mahakamani, akashinda, na wateja wapatao 80,000 wakarudishiwa kama dola 440,000. Fikiria mwenyewe, msomaji: mwanasiasa anakurudishia fedha mkononi. Nani angemsahau? Alishindwa ugavana mwaka 1924, akaupata mwaka 1928. Alijenga barabara na madaraja, akawapa watoto wa shule vitabu bure. Mwaka 1930 akachaguliwa kuingia Seneti ya taifa.

Upande wa pili ni huu. Wafanyakazi wa serikali ya jimbo walikatwa sehemu ya mishahara yao kugharamia siasa yake. Mwaka 1929 wabunge walimfungulia mashtaka ya kumng'oa, akaponea kwenye Seneti ya jimbo. Hata alipohamia Washington, Louisiana aliendelea kuishika kama mtu anavyoshika kamba ya mbuzi. Septemba 1935 alipigwa risasi ndani ya jengo la serikali mjini Baton Rouge, akafa siku mbili baadaye. Kiti cha kulinda mfuko wa mlaji kilikuwa ngazi, na aliyeipanda hakutaka mwingine aiguse.

Kwa majirani zetu Tanzania kuna funzo jingine. Huko wadhibiti wa EWURA wanateuliwa. Mwishoni mwa 2016 waliidhinisha bei ya umeme ipande kwa asilimia 8.5 kuanzia Januari mosi. Serikali ikaizuia, na siku hiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi mkuu wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Walalahoi walipumua. Lakini waliokolewa na neno la mtu mmoja, na neno la mtu mmoja linaweza kugeuka kesho.

Turudi Kuluba

Mwaka 2023 Uganda na Sudan Kusini zilitia saini makubaliano ya kuuziana umeme, na miji ya mpakani ya Kaya na Nimule ikatajwa. Kaya ni hapo tu, ng'ambo ya mto. Mwenzangu mwenye kinu upande ule na mimi mwenye friji upande huu tutatumia umeme wa asili moja kwa bei mbili, zilizopangwa na watu wawili ambao hakuna kati yetu anayewajua. Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa maana yake. Bei zikitofautiana, unga utasagwa kwenye nafuu, na vijana watahamia kwenye unga.

Sisemi ERA ichaguliwe kwa kura. Baada ya kumsoma Huey Long sina uhakika kwamba ningependa mabango ya mdhibiti yabandikwe kwenye miembe yetu. Ninachosema ni kwamba kuteuliwa hakumwondolei mtu wajibu wa kujibu. Mamlaka hutangaza bei kila robo mwaka. Tangazo hilo libandikwe Oraba na sokoni Koboko, kwa lugha tunazozungumza. Mwenye malalamiko anayo pia haki ya kwenda kwenye Baraza la Migogoro ya Umeme, ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia. Na mbunge atakayekuja kunyoosha kidole kuelekea barabarani, tumwulize swali la pili: bei ilipopanda, wewe ulisema nini Bungeni, na siku gani?

Nyaya hazijafika dukani kwangu. Siku zitakapofika nitamlipa Hajji deni lake la mwisho na kukunja waya wake. Bei yake ilikuwa kali, lakini iliponiuma nilivuka njia, nikagonga mlango wake, na akanijibu, japo kwa kejeli. Huyo mwingine atakayenipangia bei, nataka kwanza nijue mlango wake uko wapi.