Umeme ukikatika, mlango wa kadi hufunguka au hubaki umefungwa?

UMEME unapokatika katika jengo la ofisi, watu huulizia kwanza taa na lifti. Mlango unaofunguliwa kwa kadi hukumbukwa baadaye, pengine mwizi akiwa ameshaukumbuka.

Milango hiyo haifanani. Ile ya sumaku, iliyozoeleka katika ofisi za mijini, hushikiliwa na umeme wenyewe. Volti 12 au 24 hupita katika sumaku iliyofungwa kwenye fremu, nayo hukinasa kipande cha chuma kilichopo mlangoni kwa nguvu inayoweza kufikia kilo 270 na zaidi. Umeme ukitoweka, nguvu hiyo hutoweka papo hapo na mlango huwa wazi. Hiyo si kasoro; umeundwa hivyo ili watu wasinaswe ndani moto unapozuka.

Aina ya pili hubaki imefungwa hata bila umeme, na aliye nje huhitaji ufunguo wa kawaida. Hufaa kwa stoo au chumba cha fedha, mradi aliye ndani aweze kutoka kwa kubonyeza kishikio tu. Pasipo hivyo, chumba hicho ni mtego.

Vitasa vya kadi vya hotelini vina utaratibu mwingine. Vingi hutumia betri ndogo nne zilizomo ndani ya kitasa, hivyo kukatika kwa umeme wa gridi hakuvigusi.

Kwa milango ya sumaku, tegemeo ni betri ya akiba, kwa kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7. Sumaku ikitumia nusu ampea, hesabu ya karatasini hutoa saa 14. Hata hivyo, kisoma kadi nacho hutumia umeme huohuo, na betri iliyochakaa huweza kuisha ndani ya dakika chache. Joto huiumiza zaidi: inakadiriwa kuwa kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya aina hiyo kwa takriban nusu. Mara nyingi betri hiyo hufichwa juu ya dari, mahali pasipopita hewa.

Wenye majengo hujibu kuwa wana jenereta. Agosti 25, 2023, Kenya ilipokumbwa na giza karibu nchi nzima, jenereta ya sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ilishindwa kuwaka.

Aidha, umeme unaporejea kwa kishindo huweza kuunguza kifaa kinachopunguza volti 230 kuwa 12. Mtambo wa kudhibiti mlango nao, iwapo betri ya saa yake imekufa, huweza kuwaka ukiwa na saa isiyo sahihi, na mlango uliopangiwa kufunguka asubuhi ukafunguka usiku wa manane.

Fundi anayefunga mfumo huo hukata umeme kwa dakika moja, huona mlango umeshika, kisha huondoka. Kipimo cha kweli ni kuzima swichi yake mchana, mlinzi akiwapo, na kuhesabu muda hadi betri iishe. Ufunguo wa dharura nao ukae kwa mlinzi wa zamu. Katika ofisi nyingi umo kwenye droo, nyuma ya mlango huohuo.