Mimea Inayojifunika Usiku

Mvua ikishaosha vumbi la jiji, mtu aliye juu ya ghorofa karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, anaweza kuuona Mlima Kenya alfajiri, umbali wa zaidi ya kilomita 130. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni mabaki ya mwamba ulioganda kooni mwa volkano ya kale. Bonde la Teleki halionekani. Limejificha magharibi mwa vilele hivyo, na ndilo lenye maajabu makubwa zaidi.

Barafu ndiyo iliyolichimba. Mchana jua la ikweta huchoma ngozi; usiku maji huganda. Ni hivyo Januari, ni hivyo Julai.

Senesio kubwa, mmea unaompita mtu kwa kimo, umepata dawa yake. Majani yakikauka hayadondoki, bali hulizunguka shina kama blanketi ili maji ya ndani yasigande. Jioni majani mabichi hujikunja na kulifunika chipukizi. Jirani yake, lobelia ya Kenya, huhifadhi maji katikati ya majani yake: usiku juu huwa barafu, chini hubaki maji, na chipukizi husalimika. Ndege aina ya chozi huzifuata lobelia hizi kwa ajili ya nekta, akabeba na chavua.

Wapanda milima Halford Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel walipofika Batian tarehe 13 Septemba 1899, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi kati yake imetoweka. Lewis, ulio juu ya bonde hili, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ni hasara ya kusikitisha kweli, lakini mito ya maji haitegemei barafu hasa. Mvua, msitu na vinamasi vya nyanda za juu ndivyo vinavyoulisha Mto Naro Moru, unaoanzia hapa na kumwagilia mashamba ya viazi na karoti, mazao yale yale yanayojaza magunia ya Muthurwa.

Kwa hiyo moto unatisha kuliko watu wengi wanavyodhani. Ule wa Machi 2012 uliteketeza maelfu ya hekta mlimani. Majani makavu yanayoikinga senesio na baridi hushika moto upesi, na mmea wenyewe hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka.