Rekodi za mesoni zinazovunjika kwa mwanga

Mesoni iitwayo payoni ni mbaguzi mkubwa. Katika kila payoni 10,000 zenye chaji zinazovunjika, karibu zote huzaa muoni na nyutrino. Elektroni huambulia moja tu na ushei, ingawa ni nyepesi kuliko muoni zaidi ya mara 200. Kikwazo ni spini. Payoni haina spini, kwa hiyo spini za watoto wake wawili, wanaoruka pande mbili kinyume, lazima zifutane. Nyutrino haibadili upande wake wa kuzunguka, basi mwenzake hulazimika kuzunguka kinyume na maumbile yake, na kadiri alivyo mwepesi ndivyo anavyozidi kugoma.

Ikitoka fotoni, yaani chembe ya mwanga, ndani ya mesoni, nayo ina spini ya 1, kufuli hufunguka.

Mwenye faida kubwa hapa ni mesoni B. Bila fotoni, nadharia huipa elektroni nafasi kama 1 kati ya bilioni 100. Kwa fotoni, nafasi hupanda hadi kadiri ya 1 kati ya milioni: mara laki moja! Hata hivyo haijaonekana. Mwaka 2018 kundi la Belle, Japani, lilipekua jozi milioni 772 za mesoni B na kuweka kikomo tu: isizidi 3 kati ya milioni. Kwa kaoni, mesoni nyingine, mambo yamelingana: uvunjikaji wa elektroni wenye fotoni ya ndani na usio nayo hukaribiana, kama jaribio la KLOE, Italia, lilivyopima.

Kipimo makini kuliko vyote ni cha payoni. Jaribio la PIBETA, Uswisi, mwaka 2009 lilipata takriban 7.4 kati ya milioni 10, kwa fotoni zinazozidi megaelektronivolti 10, na hitilafu isiyofika asilimia 1.

Lakini pembe ninayoipenda mno iko kwenye mgawanyo wa nishati. Amplitudo ya fotoni hiyo ya ndani ina vipengele viwili, vekta na aksiali. Sehemu moja hubeba jumla yao, nyingine tofauti yao. Kwa payoni, ile ya jumla hufikia kilele elektroni inapochukua nusu ya nishati, fotoni theluthi, nyutrino sudusi. Papo hapo ile ya tofauti huwa sifuri, na jumla husomeka peke yake.