Karatasi ya Saba Iko Wapi?

Ndugu wanavikundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, siku ya uchaguzi mkuu twapewa karatasi sita. Ya Bunge la Afrika Mashariki, kule Arusha, haimo. Wajumbe tisa wa Kenya huchaguliwa na Bunge la Nairobi. Mwaka 2006 hata huko kura haikupigwa, yalipelekwa majina tu. Machi 2007 mahakama ya Jumuiya ikasema huo haukuwa uchaguzi.

Nalo ndilo lililotunga sheria ya forodha ya 2004, inayotumika hapa bandarini, penye riziki ya wengi wetu. Mbona basi tushangae watu hawalijui?

Sisi twaona kifungu cha 50 cha Mkataba kirekebishwe, tupige kura wenyewe. Ulaya wanapiga tangu 1979, na bado wengi hubaki nyumbani. Kwa hivyo wagombea nao waje barazani, waulizwe habari za forodha.