Kingereza cha mu kazi: «yes» moja inaweza kukuletea shida



Wakati wa Gécamines ya zamani, Kifaransa na Swahili vilitutosha. Kisha sheria ya migodi ya 2002 ikafungua mulango kwa makampuni ya inje, na leo mukubwa wa timu anaweza kutoka Zambia ao Afrika ya Kusini. Hata Muchina, kama hana mutafsiri, mara nyingi anajaribu Kingereza. Basi sisi pia tunakisema, tunakiandika, na tunakosea. Si ujinga. Makosa mingi yanatoka mu luga zetu mbili, Swahili na Kifaransa, na ukijua kosa linatoka wapi, unalirekebisha mbio.

Kosa ya kwanza, na kwangu njo kubwa kupita zote, haiko hata ya neno nguvu. Ni «yes» na «no». Mukubwa anauliza: «You didn't check the brakes?» Kwa Swahili ni: «Haukuangalia freni?» Kama haukuangalia, sisi tunajibu «Ndiyo», maana yake: ndiyo, ni vile unasema. Kama uliangalia, tunajibu «Hapana, niliangalia». Kingereza hakifuate ile njia. Kinaangalia paka kitu chenyewe: uliangalia, ni «Yes, I did», haukuangalia, ni «No, I didn't», hata wakuulize namna gani. Kifaransa kina «si» ya kutuokoa; Kingereza hakina.

Mwenzetu mumoja, dereva wa benne, alijibu «No» mbele ya watu wa enquête. Alitaka kusema: hapana, si kweli, niliangalia. Wakaandika kama hakuangalia, na demande d'explication ikafuata. Délégation syndicale ilipambana wiki mingi juu ya ile neno moja. Njo maana ninawaomba: musijibu «yes» ao «no» peke yake. Sema sentensi nzima: «I checked the brakes.» Hapo hakuna mwenye atageuza.

Kisha kuna maneno yenye kufanana na ya Kifaransa lakini yanasema kitu kingine. «Assister à un accident» ni kuwa pale, kuona. Lakini «assist» ni kusaidia. Shahidi mwenye kuandika «I assisted the accident» ni kama anasema alisaidia hatari itokee! Andika «I saw the accident». «Contrôler» mashini ni kuangalia kama iko sawa. «Control» ni kuiongoza. Kama uliangalia, ni «I checked the machine». «Éventuellement» ni pengine. «Eventually» ni mwisho wake itafika. Ukiandika «The cable will eventually break», wewe ulitaka kusema pengine itakatika, wao wanasoma kwamba itakatika, ila siku moja mbele, na hakuna mwenye kukimbia. Sema «The cable may break».

«Demander» ni kuomba. «Demand» ni kudai kwa nguvu. Kwa masque mupya, andika «I am asking for a new mask». (Sisi wa sendika tunajua pia kudai, lakini siku tunadai, tunataka iwe kwa kusudi.)

Kosa yenye kunitia woga zaidi ni hii. Kifaransa «tu ne dois pas passer» tunaigeuza «you don't have to pass». Unamwambia mugeni hivyo chini ya muzigo wenye grue imebeba, yeye anasikia: si lazima upite, lakini ukitaka, pita. Katazo ni «You must not pass». Ama, kwa kupiga kelele, «Don't pass!» Wenye kufundisha wapya wazoee hizi mbili.

Mu rapport, shida ni wakati. Kifaransa kinasema «je l'ai vu hier», sisi tunaandika «I have seen him yesterday». Ukisha kutaja siku ao saa, toa «have»: «I saw him yesterday». Na kisha ya «did not», neno linarudi mu umbo lake: «I did not see», si «I did not saw». «Depuis» nayo inagawanyika. Mwanzo ni «since», muda ni «for»: «I have worked here since 2015», «I have been coughing for three weeks». Huyu wa kukohoa, mwambie muganga vile vile, muda ni kitu cha kwanza atauliza.

Zingine ni ndogo: «I am 45», si «I have 45 years», «I agree», si «I am agree». Na kwa sababu «yeye» yetu haichague mwanaume na mwanamuke, tunawaita wamama wa usine «he». Wao hawapendi, na mu rapport inachanganya watu.

Mutoto wa secondaire anasoma Kingereza ku masomo. Mangaribi, mupe rapport yako asome, na musichekane. Kama karatasi ya kazi iko ya Kingereza tu na haujaelewa, usitie sahihi mbio: omba ya Kifaransa, yenye Katiba ya 2006 inaita luga ya serikali, na uite délégué wako mbele ya kushika kalamu.